Kabla Hujainua Mzigo wa Kwanza

Lukozi, jioni ya kuamkia safari yako

Mwanangu Ombeni,

Barua hii nimeichomeka katikati ya mashuka, na kwa jinsi ninavyokujua mashuka ndiyo kitu cha mwisho utakachokitoa kwenye begi. Kwa hiyo ukiisoma utakuwa umeshafika Dodoma siku kadhaa, umeshalala kwenye godoro tupu, na umeshaanza kuona aibu mwenyewe. Sisi huku wazima. Wakati naandika haya umepanda Mtae kumuaga bibi yako, na baba yako yuko uani anakupangia boksi la matunda damu, analipanga, analipangua, analipanga upya. Nimemwambia Dodoma kuna soko. Amenijibu kwamba soko la Dodoma halina matunda ya mti wake.

Mambo ya kula, kufua na kuchagua marafiki sitayaandika. Kama hukuyasikia miaka yote hii, karatasi haitakusaidia. Nataka nikuandikie habari za kazi. Unakwenda kukaa kwenye kebini ya kreni ya mnara, kama niliyokaa mimi miaka mingi Dar es Salaam, na kuna jambo ambalo kila nikianza kukusimulia mezani baba yako anaingilia katikati na kuliharibu, kwa sababu katika hadithi hiyo yeye yumo na anajipenda sana. Leo kalamu ninayo mimi.

Bibi yako hakuwahi kuielewa kazi ile. Nilipomwambia naendesha kreni, aliniuliza, "Inabeba abiria wangapi?"

Nikamwambia, "Haibebi watu, Mama. Inabeba nondo na zege. Mimi nakaa juu."

"Juu ya nondo?"

"Juu kabisa. Juu ya jengo lenyewe."

Akafikiri, kisha Jumapili akawatangazia wenzake kanisani kwamba binti yake Naomi anafanya kazi ghorofani. Watu wakajua ni ofisini. Nilipokuja likizo ya Krismasi nililetewa vyeti vya watoto wa kijiji kizima niwatafutie nafasi. Nilivipokea vyote kwa heshima, maana ningeanzia wapi kueleza?

Urefu haukunisumbua hata siku ya kwanza. Umeuona uga wa bibi yako unavyoishia kwenye genge, na kijiji cha Mnazi kiko chini huko, mashamba yake kama viraka vya shuka. Tulipokuwa watoto, kuku aliyejisahau pale ukingoni tulimsahau na sisi. Mtu aliyejifunza kutembea kwenye uga ule, ukimpandisha mnara wa kreni anaona tu kwamba safari hii wameweka ngazi. Nilianza pale saiti kama mpiga ishara, nikisimama chini na redio, nikimwelekeza opereta. Alipoona sichoki kuuliza maswali akaanza kunipandisha juu wakati wa mapumziko. Nikafundishwa, nikaenda chuo, nikapata cheti, nikakabidhiwa mtambo. Wanaume wa saiti walinitazama kama mtu aliyekosea mlango. Sikujali sana. Kule juu huwasikii.

Sasa nisikilize.

Kila asubuhi, kabla ya kuinua mzigo wa kwanza, opereta anaukagua mtambo wake. Hilo umefundishwa, sikufundishi tena. Unaanzia chini kwenye msingi, unatazama kama maji yamesimama au udongo umetitia, unashika bolti na pini za mnara, unapanda ukitazama ngazi, unakagua waya na ndoano na kifungio chake, kisha unawasha na kuzungusha mkono wa kreni ukiwa mtupu, unajaribu swichi za kikomo zinazouzuia mtambo usipite mpaka wake, halafu unainua mzigo mdogo, kidogo tu kutoka ardhini, na kuuacha uning'inie ili uione breki inavyoshika. Kuyajua hayo ni kazi ya wiki chache. Kilichonichukua muda mrefu ni kingine, na nilianza kujifunza siku ya kunguru.

Asubuhi ile nilikuwa nimemaliza chini, nimepanda, nimewasha. Nikauzungusha mkono bila mzigo. Nikasikia mlio, kama mtu anayekwangua sufuria kwa kijiko, ukanyamaza, ukarudi. Nikazungusha tena. Upo. Nikaacha kuzungusha, kwa sababu ile meza ya chuma inayozungushia mkono ikiharibika, hakuna cha kuzungumza tena.

Mpiga ishara wangu alikuwa Hamisi, kijana mpole wa Kigoma. Akaniita redioni, "Dada Naomi, tunaanza?"

Nikamjibu, "Hatuanzi. Meza ya kuzungushia imekufa."

Nilivyosema ndivyo kila mwenye redio alivyosikia. Saiti ikasimama. Msimamizi wetu, Bwana Mabula, mtu mnene mwenye sauti iliyozoea kushindana na mashine, akachukua redio. "Naomi, nani amekwambia meza imekufa?"

"Nimesikia mwenyewe."

"Umesikia kifo?"

Watu walicheka. Mabula hakucheka. Akamtuma fundi mitambo mpya, aliyeletwa wiki ile ile, ambaye mimi nilikuwa simjui hata jina. Akapanda taratibu na begi lake la spana, akachungulia kebini na kusema, kama vile tumekutana njiani kisimani, "Onga makeo."

Hiyo ni salamu ya nyumbani, ya asubuhi, kwa Kishambaa, juu ya mawingu ya vumbi la Dar es Salaam.  Alikuwa ameniona nikila bada, ule ugali wetu wa muhogo, jana yake na akajua ninakotoka. Mwenyewe alikuwa mtu wa Bumbuli. Unajua ni nani, na sasa hivi ninavyoandika analipanga lile boksi kwa mara ya nne.

Yona huyo hakuniuliza nilichofikiri. Aliniuliza nilichosikia. Nikamwigia ule mlio kwa mdomo. Akaniambia nizungushe, akasikiliza, akavaa mkanda wake wa usalama, tukazima mtambo, akatembea kwenye mkono wa nyuma mpaka kwenye vizito vya kusawazisha mzigo. Alirudi amechanwa sikio, helmeti yake ameipakata kama bakuli. Ndani mlikuwa na kiota cha kunguru. Ndege yule alikuwa amekijenga kwa vipande vya waya wa kufungia nondo, na kijiko kimoja cha chai, na ncha za waya zilikuwa zinakwaruza chuma kila mkono ulipozunguka. Mwenye nyumba, aliyemchana sikio, alikuwa anaruka juu yetu akitutukana kwa lugha yake.

Yona akashuka nacho. Sijui kwa nini hakukitupa huko huko, nimemuuliza miaka yote na hajanipa jibu la maana. Saiti nzima ilikiona. Kufika mchana jina langu lilikuwa Mama Kunguru, na mimi nilikuwa sijawa mama wa mtu yeyote. Nikipita, mtu analia "kwaa" nyuma ya matofali. Bwana Mabula aliniita pembeni. Hakunigombeza. Alisema tu, "Ukinisimamishia saiti tena bila sababu, utashuka, na ngazi ile hutaiona tena." Nilijua anamaanisha, kwa sababu aliisema taratibu.

Jioni nilipokuwa naondoka Yona alikuwa getini. Akaniambia, "Mlio ulikuwepo. Uliusikia kweli."

Nikamwambia asinifariji.

"Sikufariji. Nasema ulisikia mlio, halafu ukasema meza imekufa. Ungesema umesikia mlio, leo hakuna mtu angekucheka."

Nilikasirika njia nzima mpaka nyumbani. Kisha nikaacha kukasirika, kwa sababu alikuwa amesema kweli, na kwa sababu alikuwa na sikio lililochanwa kwa ajili yangu.

Lakini siku yenyewe ngumu, mwanangu, ilikuwa kesho yake. Nilifika chini ya mnara asubuhi na kila mtu alikuwa na sababu ya kusimama karibu. Mmoja akalia "kwaa." Nilihisi macho yao mgongoni yanapima nitachukua muda gani. Mtambo ulikuwa mzima, jana fundi ameukagua juu mpaka chini, na nilitamani, nakwambia wazi, kushika ngazi na kupanda moja kwa moja kama mtu mwenye akili zake.

Hamisi akaja akasimama kando yangu akijifanya anafunga kamba ya kiatu. Akasema kwa sauti ya chini, "Dada, leo kagua kama jana. Anayesimama chini ya ndoano ni mimi."

Basi. Nikaanzia kwenye msingi. Nilishika kila bolti ninayoweza kuifikia, na "kwaa" zikaendelea mpaka zikachoka zenyewe.

Baada ya hapo ilikuja miezi ya kukuta hakuna kitu. Hicho ndicho ambacho chuoni hawakwambii: karibu kila asubuhi utakagua na hutakuta kitu. Leo hakuna, kesho hakuna, mwezi mzima hakuna, na jicho linaanza kuona kilichokuwepo jana badala ya kilichopo. Kila mtu anatafuta dawa yake. Mimi nilikuwa nagusa kwa mkono na kutaja kwa sauti, kama kichaa, "pini ipo, kifungio kipo, waya mzima." Nikiwa na furaha nilitaja kwa tuni ya kwaya. Hamisi alizoea, na siku nikinyamaza alikuwa ananiuliza redioni kama naumwa. Wewe tafuta yako. Usiichukue yangu, sauti ya kuimba umeichukua kwa baba yako.

Kisha ikaja siku ya kumwaga zege la sakafu ya juu.

Usiku wake ilikuwa imenyesha. Asubuhi malori ya zege yalikuwa yamepanga foleni mpaka nje ya geti, matumbo yanazunguka, na unajua zege halina subira. Vijana walikuwa wameshapanda kwenye sakafu na mabuti yao wakingojea ndoo ya zege kutoka kwangu. Mimi nikawa nimefika hatua ya mwisho ya ukaguzi. Hamisi alinifungia mzigo mdogo wa nondo, nikauinua kidogo, nikaachia mpini. Breki ikashika. Nikahesabu pumzi zangu. Nilikuwa nimeshaweka mkono kwenye redio niseme tuko tayari, Hamisi akaniwahi.

"Dada, umeshusha?"

"Sijashusha."

 Nilitazama mikono yangu. Hakuna uliokuwa kwenye mpini wa mtambo.

"Umeshuka kidogo," akasema. "Kama upana wa kiganja."

Nikaulaza mzigo chini. Nakumbuka nilichokifikiria kwanza hakikuwa breki. Nilifikiria "kwaa." Nilifikiria ngazi ambayo sitaiona tena. Kisha nikamwita Bwana Mabula na nikasema kile tu nilichokuwa nacho: "Nimeinua mzigo wa majaribio. Breki imeshika, halafu mzigo umeshuka wenyewe. Hamisi ameona. Sababu siijui."

 Mabula akasema, "Rudia."

Nikarudia. Mzigo ukakaa pale kama umepigwa misumari hewani. Nikarudia tena. Haukusogea.

Mabula akasema, "Naomi. Imeshika."

"Ndiyo, Mzee. Mara mbili imeshika. Mara moja haikushika."

"Unayaona malori?"

"Nayaona yote."

Ombeni, hapo sikuwa na ujasiri wowote, usinisifu.  Nilikuwa tu nimeshasema ukweli na hakukuwa na kingine cha kuongeza, na mtu ambaye hana cha kuongeza ni vigumu kumyumbisha. Hamisi naye akasema redioni, bila kuulizwa, "Nimeona kwa macho yangu, Mzee."

Nilidhani Mabula ataniambia nishuke. Badala yake nikamwona anavua koti, anavaa mkanda wa usalama, anashika ngazi. Hakuwa amewahi kupanda mnara ule tangu umesimamishwa. Alipanda, akapumzika, akapanda, na mimi juu nilikuwa naomba Mungu mambo mawili kwa pamoja, breki isishike na Mabula ashike. Alipoingiza kichwa kebini uso wake ulikuwa na rangi ya saruji.  Nilimmiminia chai ya chupa yangu, ile chai ya kwetu ya milimani ambayo bibi yako alikuwa ananitumia, akaishika kwa mikono miwili.

"Fanya nione," akasema.

Nikainua. Tukakaa. Chini kabisa Hamisi alikuwa amesimama mbali na mzigo, kidole kikiuelekea. Mabula alikuwa anatazama kupitia kioo cha sakafuni, katikati ya viatu vyake. Kisha nondo zikashuka, taratibu, bila sauti, kama mtu anayesinzia kwenye benchi la kanisa. Kiganja kimoja. Zikasimama.

 Mabula aliwatazama vijana kwenye sakafu, wanataniana na mabuti yao, mahali ambapo ndoo ya zege ingekuwa inapita juu yao asubuhi nzima. Akachukua redio yangu mwenyewe. "Yona, panda. Walioko kwenye sakafu, shukeni. Malori yarudi."

Yona alikuta mafuta yamevuja tone kwa tone mpaka kwenye vitambaa vya breki. Tone jipya likifika breki iliteleza, likishafutika ilishika tena. Kutengeneza kulichukua siku nzima, na Bwana Mabula alikaa kebini na mimi siku nzima hiyo, kwa sababu alikataa kushuka ngazi mpaka miguu yake irudi, na haikurudi mpaka jioni. Alikula nusu ya chakula changu. Alinisimulia habari za mama yake huko Usukumani. Mwenye jengo alipopiga simu akiwa amewaka, nilimsikia akimjibu, "Nimeona kwa macho yangu," na hakutaja jina langu, ili kama kuna ghadhabu imfikie yeye.

Hakuna aliyeumia. Hadithi yangu haina ajali, na ndiyo maana naweza kukusimulia nikicheka. Hakuna ajuaye kama ile breki ingeachia siku ile na ndoo imejaa, au ingeshika mwaka mzima. Kazi hii haikupi jibu hilo kamwe. Hamisi alirudi kwake, akambeba mtoto wake mchanga, akala, akalala, ikawa jioni kama jioni nyingine, nami nikajifunza kuridhika na jioni za namna hiyo.

Hakuna aliyenipa zawadi. Ila tangu siku ile kila asubuhi Mabula alikuwa ananiuliza redioni, "Naomi, unasikiaje leo?" Namjibu, "Leo kimya, Mzee." Anasema, "Haya." Na "kwaa" ziliendelea, lakini sasa walilia wakinisalimia.

Baba yako alipokuja Mtae na wazee wake kuniposa, bibi yako aliipokea shikamoo yake, akamkalisha, akamuuliza kazi yake. Akajibu ni fundi wa mitambo ya juu. Bibi yako akamtazama kovu la sikio, akauliza, "Na wewe uko ghorofani?" Akasema ndiyo, Mama. Wazee wakafurahi sana. Tuliwaeleza kweli baada ya harusi.

Sasa wewe unakwenda kwa watu nisiowajua. Msimamizi wako anaweza kuwa Mabula wa kabla ya kupanda au Mabula wa baada ya kupanda, na huwezi kuchagua. Wewe ni kijana, na watakucheka kwa jambo fulani wiki ya kwanza, sijui lipi, lakini watalipata. Waache wacheke. Siku utakayosimamisha mtambo na fundi asikute kitu, utatamani ardhi ipasuke. Haitapasuka. Kesho yake anzia kwenye msingi kama kawaida. Na ukisema, sema ulichoona na ulichosikia, na usichokijua sema hukijui. Mjue kwa jina anayesimama chini ya ndoano yako. Muulize ana watoto wangapi. Hutahitaji mtu mwingine wa kukukumbusha kukagua.

Na upepo wa Dodoma usiudharau kwa kuwa umezoea baridi ya Magamba. Jioni ukiondoka, uache mkono wa kreni uwe huru kuzunguka na upepo. Najua unajua. Nimeandika kwa ajili yangu.

Nasikia mlango wa uani, nadhani ni wewe umerudi kutoka kwa bibi, na baba yako anakuonyesha boksi. Nafunga hapa kabla hujaniona na kalamu.

Jambo moja la mwisho, na hili naliomba kama mama, cheti changu naweka pembeni. Usinipigie simu ukiwa juu, hata kama mandhari ni nzuri, hata kama ni mapumziko. Nipigie ukishashuka, viatu vikiwa kwenye udongo. Huna haja ya kuwa na habari. Hata nisipowahi kupokea, hata nikiwa shambani na simu iko ndani kwenye kabati, nitakuta umepiga, na nitajua.

Mama yako,
Naomi